Tunahamisha akaunti za kompyuta za wafanyakazi wote, ujumbe wa kuwaambia niuandikeje?

MtunzaSeva:

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa waliowahi kupitia hili jambo.

Kampuni yetu imeunganishwa na nyingine kwa hiyo wafanyakazi wote wanahama kutoka domeni ya zamani (mfumo wa ofisi unaotunza akaunti za kuingilia kwenye kompyuta) kwenda mpya, na imeli nazo zinahamia kwenye Microsoft 365 ya kampuni mama, yaani tenanti yao, sehemu yao ndani ya huduma hiyo. Upande wa mitambo nimejipanga vizuri, akaunti mpya zipo, majaribio ya kompyuta za idara yetu yamepita salama. Kinachoninyima usingizi ni hao wengine wote, maana kuna watu wa ofisini, kuna wanaofanyia kazi nyumbani, halafu kuna wa zamu ambao wanatumia kompyuta moja watu kadhaa na imeli hawafungui kabisa labda siku ya kuangalia hati ya mshahara.

Nimeandika hii hapa, bosi ameipitisha lakini mi moyo wangu haujatulia nayo:

"Ndugu wafanyakazi, mnajulishwa kuwa idara ya TEHAMA itafanya zoezi la kuhamisha akaunti za watumiaji kutoka domeni ya sasa kwenda domeni mpya ikiwa ni sehemu ya mkakati wa kuunganisha miundombinu. Profaili za watumiaji zitahamishwa na huduma ya imeli itahamia kwenye tenanti mpya mwishoni mwa mwezi. Kunaweza kujitokeza usumbufu kidogo. Tunaomba ushirikiano wenu."

Naitaka iwe kitu ambacho mtu akisoma asubuhi anajua la kufanya. Nirekebishe wapi? Na je niitume mara ngapi na siku ngapi kabla?

---

DadaWaHesabu:

Kaka mi sio mtu wa IT, niko uhasibu, ngoja nikuambie jinsi barua yako inavyosomeka ukiwa upande huu.

Nimeisoma mpaka mwisho na sijaona mahali panaponiambia mimi nifanye nini. Domeni sijui ni nini, tenanti sijui, profaili najua ya Facebook tu. Mstari pekee niliouelewa ni "usumbufu kidogo" na huo ndo umenitia hofu zaidi kwa sababu hamjasema usumbufu gani, wa nusu saa au wa siku mbili? Halafu mwishoni mwa mwezi kaka! Mwisho wa mwezi ndo tunafunga hesabu na kulipa mishahara, ukinikatia kompyuta siku hiyo hata kwa saa 2 kuna watu hawatalipwa kwa wakati, na watakaokuja kugonga mlango watagonga wangu sio wako. Kabla hata ya kuandika barua nenda kaulize kila idara siku gani msituguse. Uhasibu tutakuambia mwisho wa mwezi, watu wa mauzo watakuwa na siku zao, watu wa zabuni wana tarehe zao za mwisho.

Mi nikipata barua ya namna hiyo maswali yangu ni haya: nikifika asubuhi pale kwenye kioo naandika nini? Jina gani, paswedi gani? Mafaili yangu niliyojaza kwenye desktopu bado yapo? Paswedi za benki na za mamlaka ya kodi nilizohifadhi kwenye brauza zitakuwepo? Printa itatoa? Na ikikataa nampigia nani, namba gani? Ukinijibu hayo mambo ya domeni hamishieni popote mnapotaka, sina neno.

---

FundiMtandao:

Dada hapo juu amemaliza nusu ya kazi, na swali lake la paswedi za brauza ni zito kuliko linavyoonekana, nitalirudia.

Mkuu nimeshashiriki kuhama kwa namna hii sehemu kadhaa na nimegundua kila malalamiko ya siku ya kwanza yalikuwa yanajulikana kabla, ni vile tu hakuna mtu aliyeyasema kwa wenye kompyuta. Kwa hiyo kaa chini andika vitu vyote ambavyo mtu ataviona vimebadilika kwa macho yake, sio vitu unavyobadilisha wewe kwenye seva. Nakupa ninavyovijua.

Desktopu tupu. Mtu akiingia kwa akaunti ya domeni mpya Windows inamuona kama mtu mgeni kabisa inamtengenezea folda mpya kwenye C:\Users, mafaili yake ya zamani yapo pale pale kwenye folda ya zamani lakini yeye anaona desktopu tupu na picha ya nyuma ya kiwandani, na hapo ndo mtu anapiga ukunga kwamba mmemfutia kazi ya miaka. Kama unatumia zana za kuhamisha kama ADMT ya Microsoft au User Profile Wizard ya ForensiT kuikabidhi profaili ya zamani (folda na mipangilio ya mtu) kwa akaunti mpya basi atakuta vitu vyake, ila usiahidi kabla hujajaribu kwenye kompyuta za idara zingine tofauti na yenu, maana za IT huwa ni safi kuliko za wengine. Na kama hutumii, sema wazi kabisa kwenye ujumbe: utakuta desktopu tupu, mafaili yako hayajapotea, yako hapa. Sentensi hiyo moja inapunguza simu nyingi sana.

Paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Hizi Windows inazifunga kwa ufunguo wa akaunti ya mtu mwenyewe, akija na akaunti nyingine mara nyingi hazifunguki tena, hata kama profaili umeihamisha vizuri. Sasa fikiria mhasibu ambaye paswedi ya benki hajaiandika wala kuikumbuka tangu siku ya kwanza. Mwambie wiki mbili kabla, sio jana yake, ahakikishe anazijua paswedi zake zote za muhimu au azihamishie kwenye programu ya kutunza paswedi iliyoidhinishwa na kampuni. Na tafadhali usiwaambie wazihamishie kwenye akaunti binafsi ya Google ili zisawazishwe, utakuwa umetoa funguo za kampuni nje.

PIN na alama ya kidole kwenye laptopu zinawekwa upya, zile zimefungwa na akaunti na mashine. Watu wengi wameshasahau kuwa wana paswedi, wanajua PIN tu.

Simu. Mtu ameweka imeli ya ofisi kwenye simu, akaunti ikihama ile ya kwenye simu inaweza kuendelea kujaribu kuingia kwa taarifa za zamani kimya kimya na akaunti ikajifunga, yeye yuko mezani anashangaa mbona nimefungiwa na nimeandika sahihi. Mwambie aondoe imeli ya zamani kwenye simu na kompyuta kibao kisha aweke mpya.

Ile apu ya kuthibitisha nayo. Kwa Microsoft Authenticator anatakiwa ajisajili upya kwenye kampuni mpya, na kuna watu wataona namba mbili za akaunti mbili wachanganyikiwe. Tangu Mei 2023 Microsoft imeweka lazima kuandika namba inayoonekana kwenye kioo badala ya kubonyeza kubali tu, kama kwenu baadhi yao walikuwa wanatumia njia nyingine, kwao hii ni mpya, waonyeshe kwa picha. Na waambie ya zamani wasiifute mpaka uwaambie.

Outlook. Yale majina yanayojitokeza ukianza kuandika herufi mbili hayatakuwepo. Na kuna lile tatizo la kujibu imeli ya zamani ya mwenzako inarudi na maandishi marefu yanayoanza na IMCEAEX, hilo ni la kwako, ongeza anwani za X500 (zile anwani za ndani za zamani ambazo Outlook inazikumbuka) kwenye masanduku mapya kabla, usimwandikie mfanyakazi chochote kuhusu hilo. Linki za mikutano ya Teams iliyopangwa kabla ya kuhama zinabaki za kampuni ya zamani, aliyeitisha mkutano aitishe upya. Linki za mafaili ya OneDrive alizowahi kuwatumia watu wa nje, achukulie kuwa zinaweza kufa, atume upya zile anazozihitaji.

Najua ni mengi. Yote haya hayaendi kwenye barua moja, ila lazima yote yawe yameandikwa mahali.

---

JichoLaUsalama:

Naomba niseme jambo ambalo bado halijaguswa na kwangu ndo la kwanza kabisa.

Tangazo lako la kuhama ni zawadi kwa matapeli. Fikiria, umewazoesha wafanyakazi wote kwamba wiki hii watapata ujumbe wa IT unaowaambia akaunti yako inabadilika, bonyeza hapa, weka paswedi. Mtu wa nje akipata tetesi tu kwamba kampuni zimeungana, na hizo habari huwa ziko magazetini, anatuma imeli inayofanana na yako na siku hiyo hata mtu makini atabonyeza kwa sababu anategemea kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo ujumbe wa kwanza kabisa weka kanuni zenu na mzishike nyie wenyewe mpaka mwisho. Hatutakuuliza paswedi yako, sio kwa simu, sio kwa imeli, sio kwa WhatsApp, hata fundi akiwa amekaa mezani kwako utaiandika wewe mwenyewe. Ujumbe wetu wa zoezi hili hautakuwa na linki yoyote ya kubonyeza, maelekezo yako kwenye ukurasa wa ndani wa kampuni ambao unaufungua kama unavyoufungua siku zote. Tarehe zetu ni hizi na hizi, ukipata ujumbe nje ya hapo piga namba ya ndani ya IT unayoijua, sio namba iliyoandikwa kwenye huo ujumbe.

Ukishasema hautakuwa na linki, usije ukatuma linki hata moja. Nimeona sehemu wanaandika vizuri wiki ya kwanza halafu wiki ya pili mtu wa IT ana haraka anatuma "bonyeza hapa kusajili simu yako", basi kanuni imekufa na hakuna atakayeiamini tena.

Na paswedi ya muda ya kuanzia isiwe moja kwa watu wote, jina la kampuni na mwaka, kila mtu anaijua hiyo, mfanyakazi mmoja anaweza kuingia kwa jina la mwenzake kabla mwenzake hajafika kazini. Kila mtu yake, na mfumo umlazimishe kubadili akiingia mara ya kwanza.

---

MtunzaSeva:

Aisee asanteni sana, nilikuja na barua moja naondoka na daftari. Dada wa hesabu suala la mwisho wa mwezi nimeshalipeleka kwa bosi leo hii hii, tunasogeza tarehe.

Swali, hizo paswedi za muda nazifikishaje? Nilipanga kuzituma kwenye imeli zao.

---

FundiMtandao:

Mkuu hapana, imeli ipi? Asubuhi ile anahitaji paswedi ndo afungue kompyuta, na akifungua kompyuta ndo afungue imeli. Maelekezo ya asubuhi ya kuhama hayawezi kukaa ndani ya kitu ambacho mtu hawezi kukifungua asubuhi hiyo. Karatasi. Karatasi moja kwa kila mtu, jina lake jipya la kuingilia limeandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka, ile sufuri na herufi O zitofautishwe, hatua nne tano, na namba ya simu. Paswedi ya muda kwenye bahasha iliyofungwa anakabidhiwa mkononi na msimamizi wake na anasaini.

Kama unaweza kuzihamisha paswedi za zamani zifanye kazi kwenye domeni mpya, fanya hivyo, utakuwa umeondoa tatizo zima na kwenye ujumbe unaandika tu "paswedi yako ni ile ile". ADMT ikisaidiwa na ile huduma yake ya kusafirisha paswedi inaweza, kama domeni zote mbili ziko mikononi mwenu.

---

Rasilimali_Watu:

Habari wadau. Mimi niko HR na matangazo ya ndani yanapitia kwangu, niongeze upande huo.

Kwanza nani anatuma. Imeli ikitoka kwa "IT Support" watu wanaisoma wakipata nafasi, yaani hawaisomi. Ya kwanza itoke kwa mkuu wa kampuni au wa kitengo, fupi sana, aseme kwa nini tunahama na lini na kwamba anaomba kila msimamizi ahakikishe watu wake wako tayari. Zinazofuata za kiutendaji ndo zitoke kwako.

Pili, wasimamizi wa idara waambieni kabla ya wafanyakazi, hata siku mbili tu kabla. Msimamizi akiulizwa na watu wake kitu ambacho na yeye amekisikia dakika hiyo hiyo anajibu "hata mimi sijui hao IT wanafanya nini" na hapo umeshampoteza yeye na timu yake. Wape nusu saa, waulize maswali, wape majibu ya kuwapa wengine. Na katika kila idara tafuta mtu mmoja ambaye wenzake humwita kompyuta ikigoma, kila idara anaye huyo mtu na wala sio lazima awe na cheo, huyo mhamishe mapema kwenye kundi la kwanza la majaribio. Siku yenyewe atakuwa ameshayaona yote na wenzake watamuuliza yeye kwanza.

Tatu, wa zamu. Hao imeli usihangaike nayo. Msimamizi wa zamu awaambie kwa mdomo wakati wa kupokezana zamu, na karatasi ibandikwe pale pale kwenye kompyuta wanayotumia, sio ubao wa matangazo wa getini. Lakini angalia zamu ya usiku, mara nyingi mikutano yote inafanyika mchana na hawa wanakuja kukuta kila kitu kimebadilika saa 4 usiku na namba ya IT haipokelewi. Kama unahamisha kompyuta za zamu hakikisha kuna mtu wa kupokea simu usiku ule.

Ratiba ninayopendelea ni ya mkuu wiki tatu kabla, ya maandalizi wiki mbili kabla, hii ndo ya mambo ya paswedi za brauza na mafaili, ya tarehe na saa ya idara yako wiki moja kabla, ya "leo kabla hujatoka" siku yenyewe mchana, na karatasi asubuhi. Kila moja iwe na jambo moja la kufanya.

---

Mzee_wa_Kazi:

Napingana kidogo na HR hapo. Jumbe zote hizo tano watu watachoka, kufika ya tatu wanafuta bila kusoma. Mi naona moja iliyokamilika wiki moja kabla na kikumbusho siku moja kabla inatosha.

---

Rasilimali_Watu:

Mzee wangu nakuelewa, shikamoo kwanza. Tatizo la moja iliyokamilika ni kwamba ikikamilika inakuwa kurasa mbili, na mtu anaihifadhi aje aisome baadaye. Ila nakubali kwamba zikiwa tano na zote zinafanana watu watachoka, ndo maana nasema kila moja jambo moja na kichwa cha habari chenye kitendo. "Taarifa muhimu kuhusu uhamisho wa akaunti" mara tano, hapana. "Leo usizime kompyuta ukitoka" hata asipoifungua ameshaelewa.

---

Mzee_wa_Kazi:

Marahaba. Hapo kwenye kichwa cha habari nimekubali. Basi ya mkuu na ya maandalizi ziunganishwe.

Jambo jingine mkuu mwenye mada, wasihamishwe wote siku moja, na wala sio Ijumaa jioni. Najua IT wanapenda wikendi kwa sababu hakuna mtu, lakini Jumatatu asubuhi wote wanafika saa moja na wote wana swali moja na nyie mko wawili. Hama kwa makundi, idara moja Jumanne nyingine Alhamisi, kila ukimaliza kundi unaandika kilichowashangaza watu na unakiongeza kwenye karatasi ya kundi linalofuata. Imeli tu ndo ngumu kuigawa, kama mnatumia jina lile lile la domeni kwenye anwani (lile linalokuja baada ya @), maana Microsoft 365 haikubali domeni moja ikae kwa kampuni mbili kwa wakati mmoja, lazima itolewe huku iwekwe kule, na hapo katikati kuna saa ambazo imeli haziingii.

---

DadaWaHesabu:

Samahani hizo saa ambazo haziingii, mteja akinitumia ankara inapotea?

---

FundiMtandao:

Haipotei dada. Seva ya mtumaji ikikuta kwenu hapapokei kwa muda inaiweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena, utaratibu wa kimataifa wa imeli, RFC 5321, unashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Labda mtumaji atapata taarifa kwamba ujumbe umechelewa. Cha hatari ni fundi kusahau na seva ikajibu kwamba anwani hii haipo, hiyo ndo inarudishwa papo hapo, kwa hiyo mkuu akaunti zote na makundi yote ya imeli yawe tayari upande wa pili kabla hujageuza. Na ile TTL (muda ambao seva nyingine zinakumbuka jibu la zamani) ya rekodi ya MX, inayoonyesha imeli zenu zipelekwe seva gani, ishushe siku chache kabla ili mabadiliko yasambae upesi.

Swali lako limenionyesha kitu, hilo liandikwe kwenye ujumbe. "Imeli zitakazotumwa kwako usiku huo zitachelewa, hazitapotea." Watu wa mauzo watalala usingizi.

---

Nipo_Mbali:

Mimi natokea upande wa wanaofanyia kazi nyumbani, msitusahau. Ofisi yangu ya zamani walihama, wenzetu wa ofisini karatasi wamepewa, sisi tuliambiwa tu tuingie kwa jina jipya. Nimeandika jina jipya na paswedi sahihi laptopu inasema hakuna seva ya kuniingiza. Siku nzima imepita. Kumbe laptopu haijawahi kuniona kwa hilo jina jipya na haiwezi kunithibitisha bila kuifikia seva, na VPN, ile njia ya kuufikia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, nayo inafunguka ukishaingia ndani tu.

---

FundiMtandao:

Ndo hivyo. Windows inakumbuka watu walioingia kabla, kwa kawaida wa mwisho 10, ndo maana laptopu inafunguka hata bila mtandao, lakini akaunti mpya haimo kwenye hiyo kumbukumbu mpaka iingie mara ya kwanza ikiwa inaiona seva. Kwa hiyo wa mbali ama mna VPN inayowaka kabla ya kuingia, ama waje ofisini siku hiyo, ama fundi awashike mkono kwa simu mmoja mmoja kwa miadi. Chochote utakachochagua hawa wapate ujumbe wao peke yao tofauti na wa ofisini, na maelekezo yaende pia kwenye namba zao binafsi za simu kama walishaziacha HR kwa ajili ya kazi, kwa sababu laptopu ikigoma hawana mahali pengine pa kusoma.

---

MtunzaSeva:

Nimekaa nayo jioni nzima. Nimegawa tatu, ofisini, zamu, na wa mbali. Paswedi nimeweza kuzihamisha kwa hiyo bahasha hazihitajiki. Hii ni ya ofisini, ya siku yenyewe mchana, naombeni mnikosoe:

Kichwa: Leo ukitoka, usizime kompyuta

"Usiku wa leo tunahamisha akaunti yako ya kompyuta na imeli. Kesho asubuhi utaingia kwa jina jipya. Paswedi yako ni ile ile.

Leo kabla hujatoka: hifadhi kazi zako, funga programu zote, toka kwenye akaunti yako lakini iache kompyuta imewaka, imechomekwa umeme na waya wa mtandao. Kompyuta itakayozimwa haitahama na mwenyewe atasubiri kesho.

Kesho ukifika: kwenye meza yako utakuta karatasi yenye jina lako jipya. Liandike, weka paswedi yako ya siku zote, subiri. Mara ya kwanza inachukua dakika kadhaa, usiizime. Mafaili yako yatakuwepo. PIN na alama ya kidole utaweka upya.

Vitakavyobadilika: paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza hazitakuwepo. Outlook haitakuletea majina yenyewe unapoanza kuandika, itayazoea upya. Kwenye simu, ondoa imeli ya ofisi na uiweke upya, hatua ziko nyuma ya karatasi. Mikutano ya Teams uliyoitisha wewe, iitishe upya.

Imeli zitakazotumwa kwako usiku huu zitachelewa, hazitapotea.

Hatutakuuliza paswedi yako kwa njia yoyote, na ujumbe huu hauna linki. Ukikwama piga namba ya ndani ya IT, tupo kuanzia saa 12 asubuhi, na mafundi watapita kila ghorofa."

---

DadaWaHesabu:

Kaka hii hata mimi nimeielewa yote. Moja tu, "mara ya kwanza inachukua dakika kadhaa", sema ngapi. Mi nikisubiri dakika 5 kioo kinazunguka tu nitabonyeza kitufe cha kuzima, najijua.

---

MtunzaSeva:

Kwenye majaribio ndefu kuliko zote ilikuwa kama dakika 15. Naandika "inaweza kufika dakika 20".

---

JichoLaUsalama:

Safi sana. Hizo karatasi za mezani, jina la kuingilia sio siri lakini usiweke hapo kitu kingine chochote cha mtu, na uzikusanye baada ya siku mbili tatu. Na ukurasa wenye maelekezo ujaribu kuufungua ukiwa na akaunti mpya, usije ukawa umefungwa kwa wenye akaunti za zamani tu.

---

Rasilimali_Watu:

Makatibu muhtasi! Katibu wa mkurugenzi anafungua kalenda na imeli ya bosi wake kwa ruhusa aliyopewa, akihama yeye peke yake bosi akabaki nyuma au kinyume chake ruhusa inakatika. Na masanduku ya pamoja yale ya maulizo na ya ajira ni hivyo hivyo. Wahame siku moja, na uende kwao mwenyewe ana kwa ana, usiwatumie barua.

---

MtunzaSeva:

Hao nilikuwa nimewaweka kwenye makundi mawili tofauti kabisa, wakurugenzi kundi la mwisho na makatibu kundi la idara zao. Nawaunganisha sasa hivi, na kesho saa 3 naenda kuongea nao kabla ya mkutano wa wasimamizi.